Jina la Mwenye Mtumbwi

Safina binti Muksini alikuwa mwoga, na hakuna haja ya kulipamba neno hilo. Pale Kashai, Bukoba mjini, alipokuwa akishona sare za shule kwenye baraza ya duka la vitenge, wateja walimjua kwa mambo mawili: mshono wake haufumuki, na ukimwita kwa nyuma bila kukohoa kwanza, anaruka. Radi ikianza, na radi za mji ule hazina likizo, alizima simu, akafunika kioo kwa kanga, akapanda kitandani na kumvuta binti yake karibu mpaka mvua ikatike. Farida alikuwa na miaka kumi na mitatu sasa, amemzidi mama yake urefu, na bado alikubali kuvutwa. Alijua anayehitaji kushikwa ni mama.

Basi Mwalimu Jovitha, mwalimu mkuu, alipomtumia ujumbe afike shuleni, Safina alifika akiwa ameshajihukumu kwa makosa yote ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuyafanya.

“Kaa waitu, mama Farida, si jambo baya,” mwalimu alisema, kwa lile neno la Kihaya la kubembeleza. “Tunasajili watahiniwa wa mtihani wa taifa. Miaka saba nakuomba cheti cha kuzaliwa cha huyu mtoto, na miaka saba unaniambia kipo.”

“Kipo, mwalimu.”

“Basi sasa nakitaka. Nina wiki tatu. Cheti na daftari la shule visipofanana, mimi siwezi kumsajili. Jina likishaingia vibaya, kulitoa ni kazi.”

Kipo kweli, hakusema uongo. Kilikuwa chini ya sanduku, ndani ya mfuko wa plastiki, na juu yake Safina alikuwa amepanga nguo asizozivaa ili asikione. Shuleni, madrasa, na kwa bibi yake Mariamu kule Kaagya, mtoto aliitwa Farida Burhani. Cheti kilisema Farida Masalu. Jina la baba: Masalu Machibya. Na Masalu Machibya hakuwa baba wa Farida, hajapata kuwa, hata kwa umbea.

Mtu wa nchi kavu atauliza ilikuwaje. Safina na Burhani, mwana wa mzee Saburi, walioana Kaagya mbele ya shehe na mashahidi wawili, ubwabwa ukaliwa, karatasi haikuandikwa. Kibanja cha mzee Saburi kilikuwa na migomba na mibuni ya kutosha watoto wawili, naye alikuwa nao sita. Burhani akaenda kisiwa cha Goziba, wilaya ya Muleba, kuvua dagaa, na mkewe akamfuata kuanika. Kule mtu hajulikani kwa ukoo. Watu wa kila kabila wamejaa, leo yupo, kesho kahamia kisiwa kingine, na jina analokutajia si lazima liwe alilopewa na mama yake. Mtu anajulikana kwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi, wanayemwita tajiri hata kama kaptula yake ina viraka, ndiye mwenye leseni, ndiye anayejulikana na serikali. Mvuvi wake akifia majini, mimba aliyoiacha inakuwa mzigo wa tajiri. Atanunua beseni, atanunua kanga, na zahanati ikiuliza mtoto wa nani, litaandikwa jina lake. Kambini hakuna anayeuona huo kuwa uongo. Ndiyo namna yao ya kusema kwamba mtoto huyu hakutupwa.

Burhani alizama Safina akiwa na mimba ya miezi saba. Maiti haikuonekana. Tajiri wake alikuwa Masalu, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuitia watu walio upande wa pili wa kisiwa. Masalu alinunua beseni, akanunua kanga, na jina lake likaandikwa. Safina alipokwenda Muleba kufuata cheti, karani alinakili kilichokuwa kwenye kadi ya zahanati, akamuuliza, “Ni sahihi?” Safina akaogopa foleni iliyokuwa nyuma yake. Akasema ni sahihi, akatia sahihi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuwa amejiwekea msingi wa ukuta mrefu.

Mtoto alipofikisha mwaka, Safina alitoroka kisiwani. Hakuna aliyemfukuza wala kumtishia. Ila Masalu alikuwa na mazoea ya kumrusha mtoto juu na kumdaka, huku akisema kwa ile sauti yake, “Mtoto wa mtumbwi wangu ni mtoto wangu!” Wengine walicheka. Safina alisikia kamba ikikazwa. Siku moja alipanda boti ya samaki akiwa na mtoto mgongoni na cheti kifuani, na kwa miaka kumi na miwili hakurudi.

Hiyo ilikuwa nusu ya woga wake. Nusu ya pili hakuwahi kumwambia mtu.

Alasiri ile aliyozama, Burhani alisimama ufukoni akatazama mawingu, akamwambia Masalu kwamba ziwa halijakaa vizuri, leo wasitoke. Masalu akamjibu kila mtu asikie, “Kama unaogopa, waachie wanaume makasia. Wewe baki na wanawake ugeuze dagaa!” Wanawake waliokuwa kwenye vichanja vya kuanikia wakaangua kicheko. Safina alikuwa mmoja wao, na alicheka. Halikumchekesha hata kidogo. Alicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka na tajiri alikuwa anatazama. Burhani alimwangalia mkewe mara moja, kisha akapanda mtumbwi.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwa Safina vyote viwili viliingia kwa mlango mmoja, siku moja.

Farida alikua akiambiwa hadithi nyingine. Baba yako hakujua woga. Baba yako alitoka siku ile anaimba. Mtoto alijenga maisha yake juu ya hadithi hiyo. Alifukuza mbwa kwa mawe, alimjibu mwalimu akiwa amemtazama machoni, na akiulizwa amerithi kwa nani anasema, “Kwa baba.” Kwa hiyo Safina alijua vizuri kilichokuwa kinamngoja. Masalu akikutana na Farida, anaweza kumdai kwa karatasi, au anaweza kumweleza ilivyokuwa. Kwa njia yoyote kati ya hizo, yeye atampoteza binti yake, na hakuwa na mwingine.

*

Wakili wa mjini alimwandalia hati ya kubadili jina kwa nusu saa, akaipiga mihuri mitatu, akamwambia aipeleke Muleba kulikotolewa cheti. Pale ofisi ya usajili alimkuta mama mmoja mnene, mtulivu, miwani puani, anaitwa Oliva. Alisoma hati yote, hata sehemu ambazo wakili mwenyewe hakuzisoma.

“Baba yuko hai?”

Kwa kitambo kidogo Safina alimuua Masalu kimoyomoyo, akamzika, akaweka matanga. Kisha akakumbuka kwamba maiti hudaiwa cheti cha kifo, akamfufua.

“Yu hai.”

“Basi aje asaini mbele yangu, na kitambulisho chake cha taifa. Mtoto naye aje. Ni mkubwa huyu, nataka nimsikie.”

“Na kama…” Safina alishusha sauti. “Kama yule aliyeandikwa siye baba mwenyewe?”

Oliva aliweka kalamu mezani. “Dada, hapo umeniambia nini? Kama siye, basi kuna mtu alitoa taarifa za uongo kwenye usajili, na hilo ni kosa la jinai. Watu wanafungwa.” Akalivuta daftari, akalifunua, akaweka kidole. “Mtoa taarifa aliyesaini hapa ni nani?”

Sahihi ilikuwa ya Safina.

“Nilikuwa nauliza tu.”

“Usiwe unauliza tu kwenye ofisi hii,” Oliva alisema, akaifunga hati ndani ya faili. “Jumatano ijayo, saa nne.”

Safina alirudi Bukoba, akakaa kwenye cherehani. Alivunja sindano mbili siku hiyo, ya tatu ikamchoma kidole. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo jioni alimpigia Getruda, mama mkaanga samaki aliyekuwa jirani yake kisiwani na ambaye hakuwa amehama.

“Ee, Safina! Nilijua umekufa!” Getruda alipiga kelele. “Masalu? Yupo, amechakaa tu. Huyu hapa anapita. Nimpe simu?”

Safina akakata. Akaizima kabisa, akaiweka chini ya mto, kana kwamba mtu angeweza kutokea humo. Alipoiwasha asubuhi, iliita kabla hajasema bismillahi.

“Mama Farida.” Sauti ilikuwa ileile, ila imepasuka. “Nimekungoja miaka kumi na miwili. Getruda kaniambia unanitafuta. Shida nini?”

Alimweleza kwa sentensi tatu, nyingine hazikutoka.

“Nitakuja Jumatano,” Masalu alisema. “Na mtoto umlete. Nina neno nataka nimwambie.”

Siku nne zilizofuata Safina hakula chakula kikashuka. Ndizi alipika, maharage akatia, akakaa na kutazama sufuria. Alipanga kumficha Farida Izigo, kwa Anatolia, fundi mwenzake aliyeolewa huko, aseme mtoto anaumwa. Alipanga kuuza cherehani wahamie Mwanza. Jumanne alimwambia Farida nusu ya habari: kuna mzee wa kisiwani aliandikwa baba kwa desturi za kule, anakuja kusaini ili jina lirudi kwa Burhani.

“Sasa wewe unaogopa nini?” Farida aliuliza. “Si anakuja kutusaidia?”

“Anaweza kukataa. Anaweza kusema wewe ni wake.”

“Mimi si mbuzi, mama.” Farida alimshika mkono. “Tunaenda. Baba angeenda.”

*

Walimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, na Safina nusura asimtambue. Mwili ule mkubwa ulikuwa umebaki mifupa na koti. Farida alipiga goti akamwamkia, “Shikamoo, babu,” na Masalu akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

“Marahaba,” alisema. “Una macho yake.”

Safina akamvuta binti yake ndani haraka.

Oliva alikagua kitambulisho, akamkagua mwenye kitambulisho. “Wewe ndiye Masalu Machibya?”

“Ndiye.”

“Na wewe ndiye baba wa mtoto huyu?”

Masalu akisema hapana, Safina ataondoka mle ndani na askari. Akisema ndiyo, atakuwa amesema mbele ya serikali, kwa kinywa chake, kwamba mtoto ni wake, na kesho akitaka kuja Kashai kumchukua nani atamzuia? Hakujua aombe jibu lipi. Aliomba tu dua ya safari, ndiyo iliyokuja.

Masalu alishusha pumzi. “Ndiyo. Mimi ndiye.”

Farida aligeuka kumtazama mama yake. Safina akatazama sakafu.

“Na unakubali aache jina lako?”

“Nakubali.”

“Kwa hiari yako? Hujashawishiwa, hujatishwa?”

“Mimi nitishwe na nani, mama?” Masalu alisema, na sauti yake ya zamani ikachungulia kidogo. “Nakubali.”

Oliva akamgeukia mtoto. “Na wewe unataka kuitwa nani?”

“Farida Burhani Saburi.”

“Burhani ni nani?”

Farida alifungua mdomo, na Safina akajua kwamba mtoto huyu aliyelelewa kusema ukweli anakwenda kuusema sasa hivi, wote, mbele ya daftari.

“Ni marehemu wetu,” Masalu akawahi. “Alikuwa wa nyumba yangu. Alifia majini bila kaburi. Mtu wa namna hiyo lazima aachiwe jina, mama, la sivyo amekwenda kabisa.”

Oliva alimtazama juu ya miwani. Mtu aliyekaa na daftari za vizazi na vifo miaka ishirini haongopewi kirahisi, na sidhani kama aliongopewa. Lakini alichohitaji kilikuwa mezani: baba wa kwenye daftari, kitambulisho, na ridhaa. Akamsogezea Masalu karatasi. Mzee aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akigandamiza.

“Jina la mtoto litabadilika,” Oliva alisema akigonga muhuri. “Kwenye nafasi ya baba wewe utabaki palepale. Hiyo haiguswi. Cheti kipya mje baada ya wiki mbili. Barua hii mpelekeeni mwalimu kwa sasa.”

Alimpa Farida. Farida aliisoma palepale, kwa sauti ya chini, mpaka alipofika kwenye jina, akatabasamu.

Walipotoka nje Safina alitaka kwenda stendi bila kusimama. Alisema asante, akasema Mungu akulipe, akasema gari litatuacha, yote kwa pumzi moja. Masalu hakuinuka kwenye benchi.

“Mama Farida, nilisema nina neno.”

“Mzee Masalu, tafadhali.”

“Unajua nilikuwa nakuogopa wewe?” alisema. “Kila mwanamke aliyeshuka boti pale mwaloni na mtoto mgongoni, mimi nilijificha nyuma ya mitumbwi. Nikisema huyo ni yeye, amekuja kuniuliza.”

Safina hakuelewa mtu kama huyu angeogopaje mtu kama yeye. Farida alikuwa ameshakaa kwenye benchi kando ya mzee, barua mapajani.

“Babu, kumbe ulikuwa naye baba?” aliuliza. “Mama anasema alikuwa haogopi kitu. Anasema siku ile alitoka anaimba.”

Masalu alimwinulia Safina macho, na Safina akaona kwamba ameelewa: ni hadithi gani mtoto amelelewa nayo, na nani ameitunga. Alimwomba kwa macho. Hakuwa na njia nyingine ya kumwomba.

“Hapana, mjukuu wangu,” Masalu alisema. “Hakuimba. Aliogopa. Alilisoma ziwa, akaniambia tusitoe mtumbwi leo. Alikuwa sahihi, na mimi ndiye nilikuwa mjinga. Nikamwambia abaki na wanawake. Nilimwambia mbele za watu, wakacheka, akapanda kwa aibu. Mtumbwi wangu ulirudi bila yeye. Nilikupa jina langu nikadhani nimemaliza. Halikumaliza kitu.”

Farida alikuwa akiikunja pembe ya barua na kuikunjua.

“Nani walicheka?” aliuliza mwishowe.

“Watu wa vichanjani. Wanawake waliokuwa wanaanika.”

“Na mama alikuwa anaanika.”

Halikuwa swali. Masalu alikohoa, akapangusa mdomo kwa mkono wa koti, na alipojibu hakusita hata kidogo.

“Siku ile? Hapana. Mama yako alikuwa amelala ndani. Mimba ilikuwa inamsumbua. Hakuona wala hakusikia.”

Ulikuwa uongo wake wa pili kwa siku moja, na kama ule wa kwanza aliutoa bure. Safina hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kunyamaza tu, kazi aliyoijua kuliko kushona. Barua ilikuwa imepigwa muhuri, mtoto alikuwa wake, mzee angepanda boti na kurudi zake kisiwani afe na siri. Alihisi unafuu ukimpanda mwilini. Kisha akamwona Farida anavyomtazama yule mzee, kwa hasira ambayo nusu yake ilimstahili yeye, si mzee.

“Nilikuwepo,” Safina alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Akarudia.

“Nilikuwepo, Farida. Nilikuwa vichanjani. Na mimi nilicheka.”

Masalu aliinamisha kichwa. Bodaboda zilipita, mtu mmoja akatoka ofisini akawapita na faili kwapani. Safina hakugeuza uso.

“Alikuona?” Farida aliuliza.

“Aliniona.”

Farida aliinuka. Aliiweka barua kwenye begi lake la shule, akafunga zipu, akampa mzee mkono wa kwaheri. Kisha akashika njia ya kwenda stendi. Safina alimfuata, hatua tano nyuma, akingoja ageuke. Walipita soko, wakapita msikiti, wakafika kwenye magari ya Bukoba, na Farida alikuwa bado hajageuka.